Refa na Televisheni Iliyozimwa

Refa alikuwa amelala kifudifudi sebuleni kwake, televisheni mpya imemfunika kuanzia kisogoni hadi mabegani. Filimbi yake ilikuwa bado shingoni.

Mtaa mzima ulimwita Refa. Alichezesha mpira mpaka magoti yakagoma, na hata baada ya kustaafu hakuivua ile filimbi. Akitazama mechi, mchezaji akicheza rafu, anapuliza pale pale kitini, majirani wanaruka. Walimlalamikia, kisha wakamzoea. Jioni ile walijazana nje ya mlango, kila mmoja akisema televisheni za siku hizi ni hatari.

Inspekta aliinama, akatazama bila kugusa. Alikuwa mwanamke mrefu, asiyependa kukimbizwa. Kituoni walimpa jina la Subiri, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Walimwita hivyo akiwa hayupo. Alijua, na hakujali.

"Hii imeisha, afande," alisema Koplo, mtu mnene mwenye haraka ya kwenda kula. "Tivii imeng'oka, mzee amekufa. Tumkamate fundi aliyeitundika, tukapumzike."

"Subiri."

Aliwasha tochi na kuumulika ukuta. Pale ilipokuwa televisheni palikuwa pametobolewa matundu manne. Yalikuwa ya duara, safi, na ndani ya kila moja kimebaki kibomba cha plastiki cha kushikia bolti. Plasta haikuwa imebomoka hata kidogo. Bamba la chuma lililobeba televisheni lilikuwa limeanguka pamoja nayo, na bolti zilikuwa zimetawanyika sakafuni. Kwenye kichwa cha kila bolti palikuwa na rangi nyekundu.

"Nani amemkuta?"

"Mimi, afande." Aliyejibu ni mkwe wa Refa, dereva wa lori, mwenye sauti ya upole. Yeye na mkewe walihamia kwa mzee baada ya mama mkwe kufariki, ili asikae peke yake. Kwa hilo mtaa ulimvulia kofia. Wazazi wenye mabinti walikuwa wakimtolea mfano. "Nimeegesha lori, nimefungua mlango, nikamkuta hivi."

"Umegusa nini?"

"Mkono wake tu. Ulishapoa."

"Televisheni?"

"Sijaigusa. Najua mahali pa ajali hapaguswi."

"Mzee alikuwaje siku hizi?"

Mkwe akashusha pumzi. "Sipendi kumsema marehemu, afande. Lakini akili ilishaanza kuchoka. Kila nikipita namkuta amekaa mbele ya tivii imezimwa. Anaikodolea macho tu. Pengine leo ameisogelea, akaivuta."

Mlango ukasukumwa. Binti wa Refa aliingia mbio kutoka kazini kwake, kiwanda cha mikate, aproni ikiwa bado na unga. Alipoona, akamkimbilia baba yake. Inspekta alimdaka mkono asimfikie, na yule dada akashtuka, akauvuta mkono wake kama aliyeguswa kidonda. Juu ya gauni alivaa sweta la mikono mirefu, na siku ile joto lilikuwa la kuvua shati.

"Nimemuua," alisema. "Mimi ndiye niliyemnunulia. Alikuwa na ile ndogo yake pale kwenye meza ya chuma, ilikuwa inamtosha. Nikajifanya najua kupenda. Nimemuua baba yangu kwa zawadi!"

Mumewe akamkumbatia, akamwambia si kosa lake, ni la fundi. Watu mlangoni wakatikisa vichwa kwa huruma. Inspekta alibaki akiutazama ule mkono wa sweta.

*

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari ya plasta.

"Fundi ameua kwa uzembe. Kesho jioni nataka jalada mezani, keshokutwa mahakamani. Familia ina uchungu, mtaa umechachamaa. Unasubiri nini?"

"Nipe hiyo kesho, mkuu."

"Kesho hiyo hiyo. Ikipita, nampa jalada mtu mwingine."

Fundi alikuwa ameshaletwa. Kwa jina la kazini aliitwa Pimamaji, kwa sababu hakuwahi kutundika kitu bila kuweka pimamaji, kile kifaa cha kupimia unyoofu, juu yake, na watu walidai hata picha za harusi kwenye nyumba za watu aliwahi kuzinyoosha bila kuombwa. Alikaa kwenye kiti cha mahojiano mikono katikati ya magoti.

"Kazi hii umeianza lini?"

"Tangu tivii zilipoanza kuwa nyembamba, afande."

"Bolti zako zimeachia."

"Hazikuachia."

"Mtu amekufa."

"Najua amekufa, nami nimeumia, yule mzee alinichekesha siku nzima. Lakini bolti zangu hazikuachia."

"Uhakika huo unautoa wapi?"

"Kabla sijapandisha tivii ya mtu, naning'inia mwenyewe kwenye chuma. Miguu juu. Refa alinicheka mpaka akakohoa. Akasema nikiendelea atanipa kadi ya njano."

Inspekta akaweka mezani bolti moja ndani ya mfuko wa vielelezo. "Na hii nyekundu ni nini?"

Pimamaji akajikuna shingo. "Rangi ya kucha. Ya mke wangu."

Koplo akacheka kwa kishindo. Inspekta akamtazama, kicheko kikakatika.

"Nikishakaza bolti," fundi aliendelea, "napiga mstari kuanzia kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Mteja akiniita nikarudi, natupa jicho tu, najua kama imelegea au kuna mtu kaichezea."

"Ukishapaka, unairudia na spana?"

"Sirudii. Nitakuwa naharibu alama yangu mwenyewe."

Inspekta aliuinua mfuko kwenye mwanga. Rangi ilikuwa imekwanguliwa kwenye pande mbili za kile kichwa cha bolti zinazotazamana, pale pale meno ya spana yanaposhika. Akatazama ya pili. Vivyo hivyo. Ya tatu na ya nne, vivyo hivyo.

"Mrudishe mahabusu," alimwambia Koplo. "Mpe blanketi zuri. Na usimcheke."

Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika chumba cha maiti. Daktari wa uchunguzi alimaliza kunawa mikono, akamkuta anasubiri.

"Kidonda cha kisogoni ndicho kilichomuua," alisema daktari. "Fuvu limepasuka. Lakini umbo lake ni la kona, kona kali ya kitu kizito. Televisheni ile ina kingo za mviringo."

"Na michubuko ya mabegani?"

"Hiyo ni ya televisheni. Haikutoa damu. Alikuwa ameshakufa ilipomwangukia."

"Alikufa papo hapo?"

Daktari alisita. "Hapana. Alidumu kidogo. Angewahishwa, pengine leo ningekuwa na kazi nyingine."

Inspekta alitoka pale na hasira. Lakini hasira si ushahidi. Nyumba ile ilikuwa na funguo tatu, za mzee, binti na mkwe. Binti alikuwa kiwandani, wenzake walimwona. Mkwe alisema alikuwa barabarani, na lori haliwezi kusema uongo wala ukweli. Na kwa nini mkwe anayesifiwa hivyo amuue mzee aliyempa nyumba ya kukaa? Hapo ndipo alipokwama.

*

Mchana walirudi nyumbani kwa Refa: Inspekta, Koplo, mpiga picha wa polisi, Pimamaji, na vile vielelezo vyote vikiwa vimeshapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Waombolezaji nje walipomwona fundi wakaguna. Mama mmoja akatema mate. Pimamaji aliinamisha kichwa, akapita.

"Afande, hii ni haki kweli?" Mkwe alisimama mlangoni. "Mnamleta huyu hapa, msiba haujapoa?"

"Hatutakaa sana, shemeji. Kaa na mkeo huko ndani."

Mkwe akamshika mkewe begani, wakarudi nyuma, kwenye korido inayokwenda jikoni.

"Fundi," alisema Inspekta, "rudisha bamba mahali pake. Matundu yale yale, bolti zile zile. Kaza ulivyokaza siku ile."

Pimamaji akafanya kazi. Akaweka pimamaji juu ya chuma, akangoja kile kiputo kitulie katikati ya mistari, akakaza bolti ya mwisho. Mstari mwekundu kwenye chuma na mstari kwenye vichwa vya bolti ukarudi kuwa mmoja.

"Sasa naning'inia, afande."

"Subiri. Wewe ni mwepisi." Inspekta akageuka. "Koplo."

Koplo akatoa macho. "Mimi?"

"Vua koti."

"Afande, mimi nina watoto."

"Ning'inia."

Koplo akajishika kwenye chuma, akafumba macho, akakunja magoti. Uzito wake wote ukawa juu ya zile bolti nne. Chuma hakikunung'unika. Akafumbua jicho moja.

"Tikisika."

Akatikisika. Kifungo cha shati kikaruka, kikaanguka sakafuni. Ukuta ulikuwa kimya.

"Shuka. Andika," alisema Inspekta. "Matundu hayakuachia. Bolti zilifunguliwa kwa spana, na mtu."

Pimamaji aligeukia ukutani kidogo, akajifuta uso kwa kiwiko. Hakuna aliyemsemesha mpaka alipomaliza.

"Tivii nayo niirudishe?"

"Irudishe."

Kioo chake kilipasuka pembe moja tu ya chini. Fundi na Koplo wakainyanyua, wakaiegemeza kwenye kulabu za bamba. Ikakaa.

"Hapo ulimaliza?" aliuliza Inspekta.

"Bado. Huwa namkalisha mwenye nyumba kwenye kiti chake, tivii ikiwa imezimwa, namuuliza anaona nini. Kama anaona dirisha, basi mchana mwanga utamsumbua, naiinamisha kidogo. Keti, afande. Kiti chenyewe ndicho hicho."

Inspekta akaketi kwenye kiti cha Refa. Kilikuwa kimebonyea katikati.

"Unaona nini?"

Alikuwa karibu kujibu kwamba haoni kitu. Kisha macho yakauzoea ule weusi. Akajiona mwenyewe, na nyuma yake mlango wa korido, na korido yote hadi jikoni.

Na katika korido akamwona mkwe wa mfano. Alikuwa amemshika mkewe mkono, juu ya kiwiko, anaminya. Uso wake ulikuwa mpole kama kawaida. Midomo ilikuwa sikioni mwa mkewe, ikisema jambo fupi. Yule dada alifumba macho, akakaza meno, hakutoa sauti. Alionekana kuwa na mazoea ya kutotoa sauti.

Inspekta hakugeuka. Alitamani kugeuka, alitamani hata kuruka kile kiti, lakini alikaa.

"Na Refa ulipomuuliza, alijibu nini?"

"Alikaa kimya kwanza," alisema Pimamaji. "Nikadhani amesinzia. Kisha akasema anaona korido mpaka jikoni. Nikamwambia nitaiinamisha isimsumbue. Akanikatalia. Akasema, 'Iache hapo hapo, kijana wangu. Hapo pananifaa.'"

Inspekta akasimama. Akamsogelea Koplo, akasema kwa sauti ya chini:

"Nenda kwenye lori la mkwe. Fungua sanduku la vifaa. Leta kila spana iliyomo."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na Koplo mwenye kalamu. Mkwe aliketi wima, mikono juu ya meza, kama mtu aliyekuja kutoa msaada.

"Televisheni hukuigusa?" Inspekta alianza.

"Sikuigusa."

"Wala chuma chake?"

"Wala chuma. Nilishasema."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Barabarani."

"Mshonaji wa nyumba ya pili alikuona ukitoka kwako ukielekea kwenye lori, kisha ukarudi ndani. Hilo ni kabla hujaja 'kumkuta' mzee."

"Amekosea siku."

Inspekta akaweka spana mezani, ndani ya mfuko. "Ya nani?"

"Yangu. Kila dereva anayo."

"Na hii nyekundu kwenye meno yake?"

"Kutu."

"Ni rangi ya kucha. Ya mke wa fundi. Mtaalamu wetu ameilinganisha kwa hadubini na ile ya kwenye bolti, ni moja."

Mkwe akausukuma ule mfuko mbali naye.

"Na alama za vidole vyako ziko nyuma ya bamba, upande unaolalia ukuta. Pale hapafikiki mpaka chuma kitolewe."

"Labda nilishika nilipojaribu kumtoa mzee. Mtu akichanganyikiwa..."

"Umeniambia hukugusa. Umerudia sasa hivi. Koplo ameandika. Chagua moja."

Mkwe akaitazama kalamu ya Koplo.

"Nitakusaidia," alisema Inspekta. "Refa alikuwa anakuona."

"Ananiona wapi? Yule alikuwa anatupa mgongo siku nzima! Anatazama tivii imezimwa kama..."

Akaishia hapo. Inspekta alimwacha afike mwenyewe.

"Ikizimwa," alisema Inspekta taratibu, "inaonyesha kila kilicho nyuma ya kiti. Nami leo nimekaa pale. Nimekuona na mkeo koridoni. Akili ya mzee haikuwa imechoka. Alikuwa anachezesha mechi."

Ule upole ukamtoka usoni. Alichobaki nacho kilikuwa uso mdogo, wa mtu aliyefumaniwa.

"Jana nini kilitokea?"

"Mke wangu alinijibu vibaya. Nikamshika. Si kitu kikubwa."

"Endelea."

"Filimbi ikalia. Tivii ilikuwa imezimwa, nikadhani ni akili yake tu. Mke wangu akaenda kazini. Alipotoka tu, mzee akasimama. Akaniambia, 'Nimekuona. Leo na siku zote.' Akanyoosha mkono juu, kama ana kadi. Akaniambia nje."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwomba tuyamalize kama baba na mwana. Akakataa. Akasema jioni anaita ndugu wa pande zote mbili, anasema mbele yao, na mke wangu atavua sweta waone." Sauti yake ilipanda. "Mbele ya ukoo, afande! Watu wananitolea mfano. Mama yangu anatembea kifua mbele kwa ajili yangu. Angeniacha nikae wapi na uso huu?"

"Kwa hiyo ukamsukuma."

"Nilimsukuma. Akaangukia ile meza ya chuma, ya televisheni ya zamani. Kwenye kona. Nikaifuta baadaye."

"Alikufa hapo hapo?"

Mkwe akatazama sakafu.

"Nimeuliza. Alikufa hapo hapo?"

"Alikuwa anakoroma."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaenda kwenye lori kuchukua spana."

Koplo aliweka kalamu chini. Ikabidi anyanyuke, akafungue dirisha, ndipo arudi kuandika. Mtuhumiwa aliendelea kueleza alivyoishusha televisheni, alivyofungua bolti moja baada ya nyingine ili ionekane fundi alilipua kazi, na jinsi ule mkoromo ulivyokoma alipokuwa kwenye bolti ya mwisho. Kisha akamlaza mzee kifudifudi chini ya ukuta, akaunganisha tena chuma na televisheni, akaviangusha juu yake. Aliyasema yote kwa mpangilio. Machozi yalimtoka alipomkumbuka mama yake tu.

Alitia sahihi. Jalada lilifika mezani kwa mkuu kabla jua halijatua, lakini jina juu yake halikuwa la fundi. Mkuu alilisoma lote, akalifunga, akasema, "Mpeni Pimamaji gari la kumrudisha kwake." Kwa mkuu yule, huko kulikuwa ni kuomba radhi.

*

Binti wa Refa alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo. Alishaambiwa mumewe amekamatwa. Inspekta aliketi karibu naye, upande wa mkono usiouma.

"Si televisheni iliyomuua, dada. Ilitundikwa vizuri. Koplo wetu amening'inia pale, haikuachia. Zawadi yako haikumdhuru baba."

Yule dada alilia kwa mara ya kwanza kwa sauti. Inspekta alimwacha alie mpaka alipochoka.

"Lakini kwa nini? Walikuwa wanapatana. Baba hakujua chochote kuhusu... kuhusu mambo yetu. Nilificha. Hata jana alikuwa amekaa pale, ametupa mgongo, anatazama mpira wake. Alipuliza mpaka filimbi, wala sikugeuka kuitazama tivii. Nikaondoka nimemkasirikia, unajua? Nikasema moyoni, mimi naumia hapa, baba anashangilia mpira."

"Jana haikuwashwa."

"Nini?"

"Televisheni. Ilikuwa imezimwa. Ikiwa imezimwa, kutoka kwenye kile kiti korido yote inaonekana. Fundi alitaka kuiinamisha, baba akamkataza." Inspekta alisita, kisha akamwambia wazi, kwa sababu alistahili kuambiwa. "Filimbi ile ilikuwa kwa ajili yako. Aliona rafu, akapuliza. Ulipotoka akamfukuza mumeo nyumbani. Hicho ndicho kilichomuua."

Afande mmoja alipita na chai, akageuza njia.

Inspekta akafungua mfuko wa karatasi, akatoa filimbi na kumkabidhi. Yule dada akaivaa shingoni, kamba ikiwa ndefu, ikamfika tumboni. Kisha akalivua lile sweta taratibu, mkono mmoja, halafu wa pili. Michubuko ilianzia juu ya kiwiko, mingine mipya, mingine imeshageuka rangi.

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama pembeni.

"Usitazame pembeni, kaka," alimwambia. "Kaa chini uandike. Naanza tangu mwanzo."

Koplo akavuta kiti, akaandika.